Track 01 si jina la wimbo

Leo naomba kuweka kando habari za kuandika programu nizungumzie santuri. Najua wengi wenu huja hapa kwa sababu hifadhidata imegoma au seva imelala, na mtauliza santuri zimeingiaje. Vumilieni kidogo, maana tatizo ni lile lile la kila siku: data isiyo na maelezo.

Hoja yangu naiweka mapema ili asiye na muda aende zake. Hapa Nairobi tunauhifadhi muziki wa zamani kwa kuanzia mwisho. Tunaitoa sauti kwenye santuri au kanda, tunaitupa kwenye flashi, kisha tunashangilia kwamba imeokolewa. Lakini sauti bila jina la mwimbaji, la mtunzi, la mpiga gitaa, la lebo na namba ya santuri ni nusu ya kazi. Na ile nusu nyingine ndiyo inayotoweka haraka zaidi, kwa sababu sehemu yake kubwa imo vichwani mwa wazee.

Ukishuka matatu ya 46 Kawangware jioni ukaelekea Congo, hutakosa kibanda cha kujazia nyimbo. Kijana ana tarakilishi ya mezani, spika mbili zinazomzidi kimo, na folda zake amezipanga: rhumba, benga, mugithi, gospel, zilizopendwa. Unampa flashi, unalipa, anaburuta folda nzima, umemaliza. Kibera ni hivyo hivyo, iwe ni Gatwekera ambako benga ya Nyanza hainyamazi, iwe ni Makina. Simu na vifurushi vya intaneti vimeibana biashara hii lakini haijafa, maana redio za matatu na za bodaboda bado zinakula flashi. Vijana hawa siwadharau hata kidogo. Wamefanya nyimbo nyingi zisisahaulike kuliko ofisi kadhaa zenye bajeti. Ila fungua hizo folda uone: Track 01, Track 02, Unknown Artist, Benga Mix Mpya. Wimbo mmoja utaukuta mara tatu na kila nakala ina mwimbaji wake. Atakayeupata kesho atanakili kosa la leo, na keshokutwa kosa limekuwa historia.

Kuna kisa ninachokipenda sana kwa sababu ni kisa cha muziki kilichotatuliwa na hifadhidata. Joyce Hatto alikuwa mpiga piano wa Uingereza, aliyezaliwa 1928. Aliacha kupanda jukwaani miaka ya 1970, lakini uzeeni mwake zikaanza kutoka CD baada ya CD zenye jina lake, zaidi ya 100 kwa jumla, kupitia lebo ndogo ya mumewe William Barrington-Coupe. Liszt, Chopin, Beethoven, kila kitu. Wakosoaji wakamsifu, wengine wakasema ni mpiga piano mkubwa ambaye dunia haikumjua. Akafariki 2006. Mapema 2007 mpenzi mmoja wa muziki akaingiza CD yake ya Liszt kwenye tarakilishi, na iTunes ikamwambia kwamba CD ile ni ya mtu mwingine kabisa, László Simon. Mashine haikusikiliza noti hata moja! Ililinganisha tu urefu wa kila kipande na kumbukumbu zilizomo kwenye hifadhidata ya Gracenote. Andrew Rose wa Pristine Audio alipoyalaza mawimbi ya sauti ya rekodi mbalimbali moja juu ya nyingine, yakaoana. Jarida la Gramophone likaitoa habari Februari 2007. Rekodi zilikuwa za wapiga piano wengine, baadhi zikiwa zimebadilishwa kasi kidogo ili zisitambulike. Mume alikanusha, kisha akakiri kwa barua aliyomwandikia mkuu wa BIS, lebo iliyokuwa imetoa rekodi ya Simon.

Na si lazima awepo mwizi. EMI iliuza kwa miaka rekodi ya konsato ya kwanza ya Chopin ikisema anayepiga ni Dinu Lipatti, Mromania aliyefariki 1950 akiwa na miaka 33. Mwaka 1981 ikabainika kwamba mpigaji ni Halina Czerny-Stefańska wa Poland. Kampuni kubwa, wataalamu wamejaa, na bado lebo ilidanganya.

Sasa jiulize, ingekuwa ni benga nani angegundua? Hatto alinaswa kwa sababu CD ya Simon ilikuwa imeshaandikwa mahali, jina na urefu wake. Santuri ya inchi 7 iliyobonyezwa Nairobi mwaka 1974 mara nyingi haijaandikwa popote isipokuwa kwenye lebo yake yenyewe, ambayo imechunika, imemwagiwa chai, au imebandikwa karatasi ya duka lililokwisha kufungwa. Hakuna cha kulinganisha nacho. Leo ukiamua kuchukua wimbo huo, ukauita jina lako na kuupakia kwenye majukwaa ya muziki, mashine za kutambua sauti zitakusajili wewe kuwa mwenyewe. Mjukuu wa mwimbaji halisi akija mwaka kesho kuupakia, yeye ndiye atakayeambiwa kwamba ameiba.

Nigusie kidogo historia ya hiyo hifadhidata. Ilianza ikiitwa CDDB, na iliyoijaza ni mikono ya watu wa kawaida waliokaa majumbani wakichapa majina ya CD zao na kuyatuma bure. Kisha ikawa mali ya kampuni, ikaitwa Gracenote, masharti yakabadilika. Waliochapa wakakasirika, na haki yao. Wengine wakaanzisha freedb, ambayo ilifungwa 2020, na wengine MusicBrainz, ambayo data yake ya msingi ni huria mpaka leo. Ndiyo maana mtu akiniuliza majina ya santuri zetu tuyaweke wapi, namwambia MusicBrainz kwanza, wala si kwenye programu ya simu ya kampuni changa iliyopata ufadhili juzi. Kwa picha za lebo na tofauti za matoleo, Discogs inasaidia pia. Mimi ni mtu wa chanzo huria na siombi radhi.

Wapo waliofanya kazi hii vizuri, tusijifanye tunaanza sifuri. Ketebul Music wakiongozwa na Tabu Osusa walitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, na haikuwa CD peke yake bali CD, DVD na kijitabu pamoja, watu wakielezwa majina, miaka na mahali. Hivyo ndivyo toleo linavyopaswa kuwa. Mwaka 1994 RetroAfric ilitoa CD ya Fundi Konde, yule wa Pwani aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga gitaa la umeme nchini, yenye rekodi zake za 1947 hadi 1956. Alikuwa bado hai, alifariki 2000. Tia mstari chini ya hayo maneno "bado hai". Msanii aliye hai anaweza kuulizwa nani alipiga nini, na anaweza kukataa picha isiyo yake.

Halafu kuna habari ya kina Kamaru, ambayo kwa mwandishi wa programu ni tamu kama asali. Joseph Kamaru wa Murang'a alizaliwa 1939, akaimba kwa miongo kadhaa, akafariki Oktoba 2018. Mjukuu wake ni mwanamuziki wa kielektroniki na jina lake ni nani? Joseph Kamaru. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo hakuna ajabu. Mjukuu huyo, aliyehamia Berlin, hutumia jina la KMRU kazini, na ndiye aliyejitwika kuzitoa upya rekodi za babu yake kwenye Bandcamp. Kila mwanafunzi wa hifadhidata hufundishwa kwamba jina la mtu si ufunguo wa msingi, na mfano ndio huo: nyumba moja, jina moja, kazi mbili zisizofanana hata kwa bahati mbaya. Mashine ikiachiwa yenyewe itawachanganya. Familia haitawachanganya kamwe. Na ona kazi ya tarehe. Kamaru aliimba kuhusu kuuawa kwa J.M. Kariuki mwaka 1975. Ukiondoa mwaka, huo ni wimbo wa msiba kama misiba mingine. Ukiuweka mwaka, msikilizaji anajua ni nani aliyethubutu kuimba nini, wakati gani, na chini ya serikali ipi.

Kwa walio karibu na Kibera, shule ya bure ya mambo haya iko Kenyatta Market, mwendo mfupi tu kwa mguu. Kati ya vibanda vya nyama choma na vya kusuka nywele kuna kibanda cha James Rugami, maarufu kama Jimmy, ambaye ameuza na kukarabati santuri kwa miongo mingi. Nenda ukatazame watalii wa Ulaya na Japani wakipekua makasha yale. Wanajua wanachotafuta, namba kwa namba. Sisi tunapita na nyama yetu. Siwalaumu hao wanunuzi. Soundway ya Uingereza ilipotoa Kenya Special mwaka 2013, nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980, ziliwafikia watu ambao hawakuwahi kusikia hata neno benga. Langu ni dogo: santuri ya toleo jipya huuzwa huko kwa bei inayokaribia kodi ya mwezi ya chumba cha mabati Kibera. Muziki ulitoka huku, ukasafishwa, ukafungwa vizuri, na hauwezi kurudi nyumbani kwa sababu ya nauli.

Sasa niwape mfano wa karibu. Jirani yangu mmoja wa Gatina, Mzee ninayemheshimu sana, alipiga gitaa la besi katika bendi kadhaa miaka ya 1970. Jina lake sitaji, wala ya bendi, kwa sababu ameniomba asubiri awaulize wenzake waliobaki. Ana katoni ya santuri ndogo za 45 iliyowekwa juu ya kabati, chini kidogo ya mabati, mahali penye joto kuliko pote nyumbani. (Mzee, ukisomewa haya, nakuomba tena tuishushe.) Zamani kidogo studio moja ya mjini, ambayo nayo siitaji, ilimchukulia baadhi ya santuri hizo kumfanyia hisani. Ikamrudishia CD ya nyimbo zilizosafishwa mpaka matoazi yakapotea, pande mbili za kila santuri zikiwa zimeunganishwa, na juu ya CD pameandikwa kwa kalamu "Oldies". Lebo hazikupigwa picha. Santuri mbili hazikurudi. Aliponisimulia hakuonekana kukasirika sana. Alinionyesha tu lebo moja akaniambia, "Kijana yangu, hapa wameandika mwenye bendi peke yake. Sisi wengine tulikuwa vyombo."

Basi tukaketi Jumapili tatu mfululizo. Kazi ya kwanza haikuwa kucheza santuri bali kuzipiga picha, lebo ya upande A na ya upande B, na zile herufi zilizochorwa kwenye plastiki karibu na lebo, ambazo nyingi huonekana ukiinamisha tochi. Kisha nikawasha kinasa sauti cha simu, tukasikiliza wimbo mmoja mmoja, na yeye akataja watu. Gitaa la kwanza fulani, la pili fulani, ngoma fulani aliyekuja siku hiyo kwa kuwa mpigaji wa kawaida alikuwa mgonjwa. Hakuna programu duniani itakayokupa habari hiyo. Upande wa sauti kuna ujuzi wa kutambua alama za sauti, tuna Chromaprint na AcoustID, ni huria na ni nzuri, lakini zinatambua kile tu kilichokwisha kuandikwa na mtu.

Kuna jambo la kasi ambalo wengi hulipuuza. Rekodi ya piano ya Chopin ina bahati: noti zimechapishwa, ufunguo unajulikana, na piano imesimamishwa kwa kiwango. Ikisikika juu nusu sauti, unajua mashine imekimbia. Benga haina karatasi, na magitaa yalisimamishwa kwa sikio siku hiyo hiyo. Mashine ya santuri yenye mkanda uliolegea itakupa mwimbaji mwenye sauti nzito ambaye hakuwahi kuwepo, na hutakuwa na pa kumwuliza. Kwa hiyo pima mashine kabla ya kurekodi. Weka alama ya karatasi ukingoni, washa saa ya simu, hesabu mizunguko ya dakika nzima. Ziwe 45. Ni kazi ya kitoto na inaokoa kila kitu.

Kuhusu ukubwa wa faili, watu huogopa bure. Viwango vya wahifadhi wa sauti vinapendekeza sampuli 96,000 kwa sekunde, biti 24. Kwa stereo hiyo ni kama MB 35 kwa dakika. Santuri yenye pande mbili za dakika tatu tatu ni kama MB 207. Santuri 1,000 ni GB 207, na ukizibana kwa FLAC, ambayo haitupi chochote, inaweza kufika karibu nusu. Diski moja ya TB 1 inameza mkusanyiko ambao mtaa mzima hautaumaliza. Basi hakuna sababu ya kuhifadhi MP3 ya kilobiti 128 na kuiita kumbukumbu. MP3 tengeneza, ya kusikilizia, ila ile ghafi iache kama ilivyo, na mikwaruzo yake. Akili bandia za kuondoa kelele zinazidi kuwa kali kila mwaka, na ukiisafisha leo ukaitupa ghafi, umemnyima mjukuu wako mashine bora ya kesho. Part 1 na Part 2 vile vile: unganisha kwenye nakala ya kusikilizia ukipenda, lakini kwenye ghafi ziache mbali, kwa kuwa fundi wa wakati ule ndiye aliyechagua pa kukata.

Nakala ziwe tatu, na moja isilale mtaa ule ule. Hapa sisemi nadharia. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata, na mtu anayetoka nyumbani alfajiri na godoro kichwani hakumbuki katoni ya santuri. Moto wa mabati nao hauna haja ya maelezo. Na wingu si ghala la milele: Machi 2019 MySpace walitangaza kwamba muziki uliopakiwa kwao tangu 2003 hadi 2015 ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Weka wingu liwe nakala mojawapo, usilifanye mama. Kila faili litengenezee cheksamu uiandike kwenye faili la maandishi, ili baada ya miaka mitano ujue kama kuna biti iliyooza.

Na kwa wanaosema majina ni anasa ya maprofesa, hesabu hii. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 zaidi. Santuri ya 1972, kama rekodi, ulinzi wake ulikwisha mwisho wa 2022. Lakini kama mtunzi alifariki 2010, utunzi wake una mwenyewe hadi mwisho wa 2060, na watoto wake wanastahili kulipwa wimbo ukitolewa upya, ukichezwa redioni au ukiwekwa kwenye tangazo. Hesabu hiyo huwezi kuianza bila mambo mawili: mwaka wa rekodi na jina la mtunzi. Flashi ya Kawangware haina lolote kati ya hayo. Mjane anaweza kuketi kwenye matatu akisikia gitaa la mumewe asubuhi na jioni, na chama cha kukusanya mirabaha (chochote kitakachokuwa na leseni mwaka huo, hapo naishia) kikamwambia hakuna kumbukumbu. Kwa maandishi yaliyopo kitakuwa kinasema kweli.

Vijana wa vibanda ndio ningependa tuanze nao, kabla ya wizara na kabla ya wafadhili. Wana mashine, wana wateja wazee wanaokuja kuulizia nyimbo kwa majina, na tayari wanajua folda. Mteja akisema "huu si wa fulani, huu ni wa fulani", kijana abadilishe jina la faili hapo hapo na aandike ni nani aliyemwambia, hata kama maneno mawili matatu tu. Hilo la mwisho ni muhimu, maana wazee nao hubishana. Kwenye santuri moja ya jirani yangu tuna majina mawili ya mpiga gitaa la pili, lake na la mwenzake wa Laini Saba niliyempigia simu, na yote mawili nimeyaandika na kila mmoja chanzo chake.

Skripti ninayotumia kuunganisha picha, faili la maandishi na cheksamu ni ya mistari michache ya Python, nitaiweka hapa wiki ijayo nikishaondoa majina ya watu. Kama una santuri au kanda nyumbani, Kibera, Kawangware au kwingineko, usinitumie MP3 kwa sasa. Piga picha ya lebo pande zote mbili, mchana, bila flashi ya kamera, na kama aliyepiga yuko hai mwulize ni nani alishika besi.